Jinsi ya kuuza kompyuta za wanafunzi vijijini: anza na chaja

Nilifundisha Hisabati sekondari kwa miaka sita, kisha mwaka 2015 nikafungua duka dogo la kompyuta za mtumba Singida mjini. Hadi leo watu wa Iramba, Mkalama na Ikungi wananiita mwalimu, na nadhani ndiyo sababu milango ya ofisi za shule hunifungukia upesi. Vijana kadhaa wanaotaka kuingia kwenye biashara hii wameniuliza ninaifanyaje, hasa kwa shule ambazo kila mtu anasema hazina hela. Naandika hapa ninavyofanya, pamoja na yale yaliyonigharimu. Bei ni za dukani kwangu. Kwako zitapanda au kushuka kidogo.

Shule yangu ya kwanza ilinunua mashine 12. Nililipwa, tukapiga picha na wanafunzi, mkuu wa shule akanisindikiza hadi kwenye gari. Niliporudi baada ya miezi saba, tisa zilikuwa zimefungiwa kabatini. Nikazitoa moja moja, nikazipanga juu ya meza ya maabara. Vioo vizima, kibodi nzima, diski nzima. Zilizokufa ni chaja. Nyingine waya ulikuwa umekatika shingoni, pale unapoingia kwenye plagi. Nyingine ziliungua umeme uliporudi kwa nguvu baada ya kukatika. Chaja ya shilingi 15,000 ilikuwa imelaza mashine ya karibu laki tatu, na pale shuleni hakuna aliyejua aipate wapi wala fungu la kuinunulia. Nilirudi nyumbani na uchungu ambao sijausahau, kwa sababu watoto wale nilikuwa nimewaahidi kwa mdomo wangu. Tangu siku hiyo mteja wangu husikia habari za chaja, betri na fundi kabla sijamfungulia kompyuta yoyote.

Jua unamuuzia nani

Kosa langu lilikuwa dogo, ila limewahi kufanywa kwa ukubwa wa dunia. Januari 2005 Nicholas Negroponte wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, alitangaza kwenye mkutano wa uchumi wa dunia kule Davos mpango wa kompyuta mpakato ya dola 100 kwa ajili ya watoto wa nchi maskini. Novemba mwaka huohuo mfano wake ukaonyeshwa Tunis, Kofi Annan, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa wakati huo, akiwepo: kakompyuta ka kijani kenye mkono wa kuzungusha ili kajichaji. Mashine zilipoanza kutoka kiwandani mwishoni mwa 2007, mkono ule haukuwepo tena na bei ilikuwa imefika karibu dola 190. Chombo chenyewe kilikuwa kizuri, nasema hivyo kwa dhati. Skrini yake ilisomeka juani, ilikula umeme kidogo, na kibodi ilifunikwa mpira usiopitisha vumbi. Lakini mauzo yalipelekwa kwa marais na mawaziri, kwa oda za mamia ya maelfu, na mwalimu wa darasa la tatu hakuulizwa.

Peru ilinunua nyingi kuliko wengine. Watafiti wakafuatilia shule 319 za vijijini, na baada ya miezi kama 15 hawakuona tofauti ya alama za Hisabati wala za lugha kati ya shule zilizopewa na zisizopewa. Uruguay, iliyoanza 2007, ilijiundia mpango wake uitwao Plan Ceibal, ukiwa na intaneti mashuleni na utaratibu wa matengenezo, na kufikia 2009 kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali alikuwa na mashine. Sisemi alama zilipanda Uruguay. Ninachokitazama mimi kama muuzaji ni kwamba mashine ya mtoto ilipoharibika palikuwepo pa kuipeleka. Jirani zetu Kenya waliahidiwa mpakato kwa kila mtoto wa darasa la kwanza kwenye uchaguzi wa 2013. Miaka ikaenda kwenye mivutano ya zabuni na kuvuta umeme hadi shuleni, na vilivyoanza kufika 2016 vikawa vishikwambi kwa wanafunzi.

Kwa hiyo kabla hujachapisha tangazo lolote, kaa na daftari uandike watu watatu kwa kila shule. Yupo atakayeitumia mashine kila siku, na huyo ni mwalimu. Yupo mwenye hela, mara nyingi mzazi. Na wapo wa kukubali au kukataa, yaani kamati ya shule kwa msingi au bodi kwa sekondari. Kila mmoja ana swali lake na hofu yake, na ukimpelekea mmoja majibu ya mwingine unarudi mikono mitupu. Shule za serikali hununua kupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, kwa hiyo jisajili humo na uwe na mashine ya risiti ya EFD mapema. Nimewahi kuona mwalimu mkuu anataka kununua kweli, ila muuzaji hana risiti.

Mashine ya kuchukua, na ya kuiacha

Mimi nachukua mpakato zilizotengenezwa kwa ajili ya wanafunzi tangu mwanzo: Lenovo ThinkPad 11e, HP ProBook 11 EE, Dell Latitude za 3100. Zina kingo za mpira na bawaba ngumu, na zikianguka kutoka kwenye dawati huokotwa zikaendelea. Hazina sura ya kuvutia. Mzazi wa mjini ataulizia ile nyembamba ya kung'aa, nawe mwonyeshe bawaba.

Jihadhari na Chromebook, yaani mpakato zinazotumia mfumo wa Google, za bei ya kutupwa. Niliwahi kununua sita kwa mpigo, furaha imenijaa, nikafika dukani nikaziwasha: kila moja inadai akaunti ya shule fulani ya Marekani ilikotoka. Hazikufutwa kwenye mfumo wa wenyewe, na hakuna fundi wa Singida wala wa Kariakoo anayeweza kuzifungua kwa njia halali. Hela ile ilipotea. Sasa naiwasha mbele ya muuzaji, naifuta, naiunganisha na Wi-Fi ya simu yangu, nangoja. Ikitaja jina la taasisi naiacha mezani. Nyingine inafunguka vizuri lakini tarehe yake ya mwisho ya kupokea masasisho imeshapita. Hiyo pia iache, maana unamuuzia mtu mwaka mmoja kwa bei ya miaka minne.

Swali utakaloulizwa kila siku ni, "Ina window?" Mzazi alishazoea kwamba kompyuta hupigwa window. Jibu kwa ukweli: Windows 10 iliacha kupokea masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za mtumba za bei hii hazikubaliki kwa Windows 11. Ninazifungia Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows, naiweka lugha wanayoitaka, halafu namwomba mzazi aandike jina la mtoto wake na kulihifadhi. Dakika tano zinatosha. Akishaona herufi zinatokea palepale anapozitegemea, hofu inapungua yenyewe. Ukimpigia window ya wizi ili umfurahishe, baada ya miezi mitatu itajaa virusi vya flashi na jina litakalotajwa kijijini ni lako.

Panga bei ikiwa na mwaka wa pili ndani

Hesabu yangu kwa mashine moja iko hivi. Kununua Kariakoo 190,000. Basi kutoka Dar 5,000. Betri, kwa wastani, kwa sababu si zote zinahitaji mpya, 15,000. Chaja ya pili 15,000. Fundi 10,000. Akiba ya matengenezo ya mwaka wa pili 25,000. Jumla 260,000, nami nauza 300,000.

Ile 25,000 naiweka kwenye laini ya simu ya peke yake na siigusi. Vijana wengi wanaona hapo ndipo pa kushusha bei ili wamshinde jirani. Jirani akiuza 260,000 bila chaja ya pili, mwache. Namwambia mwalimu mkuu: "Mwalimu, ya kwake ni nafuu kwa elfu arobaini leo. Chaja ikifa Machi utaipata wapi?" Kisha nanyamaza, maana jibu analo kabatini mwake, kwenye projekta iliyokufa taa au mashine ya kudurufu iliyokosa spea.

Kwa kila mashine 10 ninazouza shule moja, ya kumi na moja inabaki dukani kwangu ina namba ya shule hiyo. Ikiharibika moja, mtu wa bodaboda anaipeleka ya akiba na kurudi na mbovu. Darasa halisimami. Tangazo langu linasema hivyo na si zaidi ya hivyo:

*Kompyuta ya mwanafunzi. Sh 300,000. Chaja mbili. Ikiharibika ndani ya miezi 18, unapewa nyingine wakati yako inatengenezwa.*

Usiandike kwamba mtoto atafaulu. Peru imeshatufundisha, na mtoto wa mwenzako hapaswi kuwa mahali pa wewe kujaribia maneno matamu.

Mwachie mwalimu mashine wakati wa likizo

Hili ndilo lililoniuzia kompyuta nyingi kuliko redio, mabango na vipeperushi kwa pamoja. Wiki moja kabla shule haijafungwa, Juni au Desemba, nakwenda nikiwa na mashine moja. Namtafuta mwalimu wa taaluma. Namwambia: "Kaa nayo likizo yote. Hudaiwi kitu. Andikia mitihani yako." Nakaa naye saa mbili chini ya mti, namwonyesha kuandika, kuhifadhi, kuchora jedwali la alama na kujumlisha. Walimu wengi siku hizi hawaogopi skrini kama zamani, hasa tangu vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa kwa walimu. Kinachowashinda ni kuandika kurasa nyingi kwa kidole kimoja kwenye kioo.

Kwa nini mitihani? Kwa sababu ndipo shule inapotoa hela tayari. Piga hesabu pamoja naye, kwa kalamu, kwenye daftari lake mwenyewe. Madarasa saba, tuseme masomo sita, kurasa mbili kila somo: kurasa 84. Steshenari huku kwetu huchapa ukurasa kwa 1,000. Hiyo ni 84,000 kwa mtihani mmoja. Mitihani minne kwa mwaka ni 336,000. Mwalimu akimaliza kujumlisha huinua kichwa akanitazama, maana mashine ni 300,000. Kutoa nakala bado watalipia, hilo mwambie kabisa, usimfiche.

Shule ikifunguliwa nakwenda kuichukua. Mara nyingi nakuta mwalimu ameshaandika barua kwa mwalimu mkuu, akiiombea ibaki. Barua hiyo ina nguvu kwenye kamati kuliko mdomo wangu wote, kwa sababu imetoka kwa mtu wao.

Zikikaa mbili au tatu kwa walimu kwa muhula mzima, ndipo nazungumzia za wanafunzi. Sijawahi tena kuuza za wanafunzi mahali ambapo walimu hawana zao. Mwalimu ambaye hajawahi kuiwasha ataifungia kabatini ili isiharibike mikononi mwake, na mimi nisingemlaumu.

Siku ya mkutano wa wazazi

Omba dakika 20, baada ya taarifa ya chakula cha shuleni na kabla watu hawajaanza kuondoka. Usiende na spika wala fulana za kugawa. Nenda na mashine tatu, rauta ndogo, na mtoto.

Mtoto namwandaa siku moja kabla, kwa ruhusa ya mwalimu wake na mzazi wake. Natafuta wa darasa la tano, mara nyingi msichana asiyesemasema. Kwenye mashine ya mwalimu nimeweka Kolibri, programu ya Learning Equality inayobeba video na mazoezi bila intaneti. Mashine nyingine zinayasoma kupitia rauta. Nimeweka pia Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili. Mtoto anafungua zoezi la sehemu, anakosea, anarudia, anapata. Sisemi kitu wakati huo. Wazazi husogeza viti wenyewe.

Maswali huja yaleyale. Mzee mmoja wa Mkalama alisimama na fimbo yake akaniuliza: "Binti yangu, hiki kitu si ndicho kinachowaonyesha watoto mambo machafu?"

"Shikamoo, baba. Hapa ndani hakuna intaneti. Vilivyomo ni hivi ambavyo mwalimu ameviweka, na orodha yake ninamwachia mwenyekiti wa kamati. Njoo uangalie mwenyewe."

Akaja, akakaa, mtoto akamtafutia habari za Ziwa Singida. Alisoma hadi mwisho, kimya, miwani ikiwa puani, watu wote wakimngoja.

Swali la pili ni wizi. Onyesha jinsi jina la shule lilivyochorwa kwa moto nyuma ya kila mashine, na uwaambie kabati lenye kufuli mbili ni kazi ya seremala wao wa kijiji, hela hiyo ibaki palepale. La tatu huulizwa na akina mama, kwa sauti ya chini, mkutano ukiisha: "Mwalimu, mwanangu wa kike naye atashika, au ni ya wavulana?" Jibu la swali hilo lisiwe la maneno. Kabla sijauza naomba ratiba ya darasa ya kushika mashine, kwa majina, wasichana na wavulana kwa zamu, ibandikwe ukutani. Nimeona darasa moja ambalo wavulana wanne walishika muhula mzima na wengine arobaini walitazama migongo yao. Nilijisikia vibaya sana. Ratiba sasa ni sehemu ya mkataba.

Msimu wa hela

Usiuze Januari. Januari mzazi ana sare, madaftari, viatu na nauli ya aliyepangiwa shule ya bweni. Huku kwetu alizeti huvunwa kuanzia Mei, na kati ya Juni na Agosti ndipo laki tatu huonekana kwenye nyumba ambayo mwezi Februari haikuwa na elfu kumi. Uliza wilaya yako inavuna nini na lini, kisha panga safari zako kwa kalenda hiyo. Siku ya mnada napanga meza yangu karibu na wauza vyombo vya plastiki, mbali na muziki, kwa sababu akina mama hupita pale wakiwa na hela mkononi na muda wa kusikiliza.

Kwa mzazi mmoja mmoja napokea awamu tatu za 100,000, na mashine naitoa baada ya awamu ya pili. Mkataba ni ukurasa mmoja wa Kiswahili, unashuhudiwa na mwenyekiti wa kitongoji. Kuna mama wa Ikungi alilipa kila awamu kwa tenga la kuku aliowapandisha basi la Dar. Awamu ya tatu alichelewa wiki tano, kuku walikuwa wamekufa kwa kideri. Nilimngoja. Ameniletea wateja sita tangu hapo.

Vikundi vya VICOBA ni bora zaidi. Nenda siku wanayokutana, mwombe mwenyekiti nafasi, na pendekeza wakopeshane wenyewe kwa wenyewe kwa utaratibu wao. Wewe lipwa taslimu na kikundi. Usijifanye benki.

Umeme

Hapa wauzaji wengi hukimbia. Fanya hesabu mbele ya kamati, kwa sauti. Mpakato hizi hula kama wati 15 zikiwa kazini. Mashine 10 kwa saa tatu ni wati-saa 450. Ongeza upotevu wa inveta, sema 530. Betri ya sola ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200, na ile ya maji usiitoe zaidi ya nusu la sivyo itakufa mapema, kwa hiyo una 600. Inatosha kwa shida kidogo. Paneli ya wati 200 kwa jua la Singida itairudisha ndani ya siku moja. Kompyuta za mezani zenye skrini zingekula mara sita au saba ya hapo, na ndiyo sababu siziuzi kwa shule isiyo na umeme wa uhakika hata nikiombwa.

Penye umeme wa gridi, uza na stebilaiza au usiuze. Waya wa chaja ufungwe kwa kamba kwenye mguu wa meza, sentimita 20 kutoka kwenye plagi, ili mtoto akijikwaa avute meza badala ya shingo ya chaja. Kamba hiyo ni shilingi 500 kwa darasa zima. Ningeijua mapema, baadhi ya mashine zangu tisa zisingelala kabatini.

Ukirudi

Rudi baada ya wiki mbili, baada ya miezi mitatu, kisha kila muhula, hata kama hawajapiga simu. Wasiopiga simu mara nyingi ndio wenye shida. Usiulize "Zinaendeleaje?" kwa sababu utajibiwa "Nzuri." Omba kuziona zote mezani, hesabu, washa kila moja, angalia tarehe ya faili la mwisho lililohifadhiwa. Faili la mwisho likiwa la miezi minne nyuma, kaa na mwalimu, usikae na mashine.

Shuleni mfundishe mtu mmoja mambo matano: kubadili chaja, kubadili betri, kusafisha feni kwa brashi ya rangi, kuirudisha Linux kwa flashi niliyomwachia, na kuandika kwenye daftari tarehe na tatizo. Mara tatu nimempata mtu huyo miongoni mwa wapishi na walinzi. Mlinzi wa shule moja ya Iramba sasa anatengeneza za shule mbili za jirani, nami namlipa 5,000 kwa kila mashine kutoka kwenye ile akiba ya mwaka wa pili.

Mashine ikifika mwisho kabisa, naichukua kwa 30,000 kama punguzo la nyingine. Kioo kinakwenda kwa yenye kioo kilichopasuka, kibodi kwenye kisanduku cha spea, na betri zilizovimba naziweka kwenye ndoo ya mchanga nyuma ya duka hadi niwapelekee wanaokusanya taka za umeme Dar. Usimwachie mwalimu betri iliyovimba, na usikubali itupwe kwenye shimo la taka la shule, watoto huchezea pale.